Punguza Mmoja

Sista alivunja kidonge kwa kucha ya kidole gumba, nusu akaitia kwenye bahasha, nusu nyingine akairudisha koponi. Akachukua cha pili, akafanya vilevile. Mama aliyesimama mbele ya dirisha alidhani ni utani, mpaka akaona bahasha inafungwa.

"Sista, umekosea. Wa kwangu anakunywa kizima asubuhi na kizima jioni."

"Sijakosea, mama. Kuanzia leo ni nusu."

"Na ugonjwa nao umekuwa nusu?"

Watu wa foleni wakacheka. Hospitali ya wilaya ilikuwa na dirisha moja tu la dawa, lenye nondo kama za rumande, na mwenye siri yake ilimbidi aipitishe hapo kwa sauti huku wenzake wakimpumulia kisogoni. Ndiyo maana miaka yote mama huyu alikuwa akisema "dawa ya kichwa", na Sista akimwelewa. Kichwa kina mengi, nani atauliza zaidi?

Kiwandani walimwita Mama Vidole. Kazi yake ilikuwa kuchambua pamba kabla haijaingia mashineni, takataka huku, pamba safi kule, na mdomo ukiendelea na umbea wake bila vidole kukosea hata mara moja. Lakini vidole vyepesi havimfai mtu mbele ya dirisha la dawa. Alizishika zile nondo, akasogeza uso.

"Sista mwanangu, nakuomba. Wewe unamjua. Mwaka umepita hajaanguka."

Sista naye akasogeza uso, sauti ikashuka. "Matokeo ya sensa yametoka, mama. Wilaya yetu imeonekana ina watu wachache mno, na mgao wa dawa unatoka kwa hesabu ya watu. Tena hospitali yenyewe inashushwa, inakuwa zahanati. Daktari ameshaambiwa afungashe, mimi nangoja barua yangu. Hizi ndizo za mwisho za namna hii, ndiyo maana navunja, kila mtu apate angalau."

"Wachache, sisi? Hebu tazama hiyo foleni imeishia wapi!"

"Foleni naiona. Serikali hainunui dawa kwa kutazama foleni." Akanyoosha shingo. "Anayefuata!"

Anayefuata, mzee mmoja wa kisukari, alikuwa ameshamsukuma kwa kiwiko. Mama Vidole akashika njia ya nyumbani, na watu waliomsalimia hakuwaitikia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa amekielewa kitu ambacho Sista hakukijua.

*

Katika wilaya ile mtu hakumwambia mgeni mwenye kalamu idadi kamili ya kitu chochote. Ukiulizwa mbuzi, unapunguza. Ukiulizwa magunia, unapunguza. Ukiulizwa watu, ndiyo kabisa. Si kwamba walikuwa waongo kuliko watu wengine. Walikuwa wamefundishwa, na waliowafundisha walikuwa na viboko.

Bibi, mama mkwe wa Mama Vidole, alikuwa bado anavikumbuka. Enzi za Kampuni ya pamba walikuja watu wa kuhesabu vichwa, wapole, wakipokea maji ya kunywa na kusema ahsante. Msimu uliofuata kila kichwa kilichohesabiwa kikapimiwa shamba la pamba, na asiyepalilia akalazwa kifudifudi mbele ya watoto wake. Kampuni ikaondoka, ikaja kodi ya kichwa. Kodi ikaondoka, ukaja mchango wa shule, na wa barabara, na wa kumkaribisha mkubwa fulani ambaye hata hakushuka garini. Vyote hivyo kwa kichwa. Basi wilaya nzima ikawa na somo moja ambalo halikufundishwa shuleni na kila mtu alilijua: anayekuja na kalamu mpe pungufu. Punguza mmoja.

Karani wa sensa alipofika alikuwa msichana mgeni, mwenye adabu zake, akapewa kigoda. Baba Mizani, mume wa Mama Vidole, mpimaji wa pamba pale kiwandani, alikuwa anatoka kwenda kazini. Alipompita mkewe mlangoni akamnong'oneza, "Punguza mmoja," kama anayemkumbusha kufunika chungu, akaenda zake.

Yupi sasa? Bibi alikuwa ameketi palepale kizingitini, anamtolea karani macho. Kaka mtu, mwana wa kwanza, alikuwa uani ameipindua baiskeli, anaigonga kwa nyundo. Baba ndiye mwenye nyumba. Asiyeonekana alikuwa Kitinda peke yake, binti wa mwisho, aliyekuwa kwa Fundi cherehani akijifunza kazi. Mama Vidole akataja wanne. Karani akauliza kama nyumba ile kuna mwenye maradhi ya kudumu.

"Hakuna," akasema. "Wazima wote, tunashukuru."

Jibu lilimtoka kabla swali halijaisha. Alijiambia kuwa ameshika desturi tu, na kwa muda desturi ilimtosha. Lakini tusidanganyane. Angeweza kumpunguza mwanawe wa kiume, ambaye kila siku aliimba wimbo wa kwenda mbali kutafuta kazi. Alimpunguza mwenye kifafa kwa sababu ya kifafa chake. Alimwonea haya binti yake mbele ya msichana wa rika lake mwenye kalamu na viatu vizuri, kisha akamkaribisha msichana huyo chai.

*

Jioni ile waliketi uani, bahasha ikiwa mkekani katikati yao kama mgeni asiyejulikana analala wapi.

"Wilaya nzima imepunguza," alisema Baba Mizani. "Ni mmoja wetu sisi ndiye aliyeiangusha hospitali?"

"Kila mtu anasema hivyohivyo kuhusu mmoja wake," akajibu mkewe.

"Ni wewe uliyemtajia karani wanne, si mimi."

"Nani aliniambia nipunguze?"

"Nilikuambia upunguze. Sikukuambia..." Akakata maneno, kwa kuwa Kitinda alikuwa anatoka jikoni na sufuria mkononi.

Kitinda alikuwa binti mwembamba, mcheshi, mwenye kovu dogo juu ya nyusi, ukumbusho wa zamani alipoangukia jiwe la kisimani. Tangu dawa imkubali alikuwa mtu mwingine. Fundi alikwisha kumwachia nguo za wateja, akate mwenyewe, na alimwahidi cherehani ya pili, ile ya karibu na mlango, msimu wa harusi ukianza. Fundi alijua habari ya maradhi, akainyamazia. Nje ya nyumba na Fundi na Sista hakuna mwingine aliyejua, na kwa mama yake cherehani ile ya karibu na mlango ilikuwa ndiyo maisha yote ya binti: kazi, mume labda, na heshima ya kuketi mahali pa kuonekana na watu bila kuogopa kuanguka.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza Kitinda. Alikuwa amesikia ya kutosha. "Kwani sisi tulimpunguza nani?"

Baba Mizani akainamia kidole chake cha mguu. Kaka mtu akakumbuka kuna kitu amekisahau kwenye baiskeli.

"Mimi," akasema Bibi. "Nilipunguzwa mimi, mke mwenzangu. Kizee kama mimi kihesabiwe cha nini? Kesho kutwa wanakuja kufuta, wanachafua karatasi bure."

Kitinda akacheka. "Lakini wewe ulikuwa umekaa mlangoni, Bibi. Ulinisimulia mwenyewe viatu vya yule karani."

"Ndiyo hivyo. Nimekonda mpaka sionekani."

Alicheka tena, kidogo kuliko mara ya kwanza, akapakua chakula. Mama Vidole angeweza kusema wakati ule. Uongo wa mkwewe ulikuwa mtamu mno, akaumeza pamoja na ugali, akamshukuru kimoyomoyo mwanamke ambaye kwa kawaida hawakuwa wakielewana hata juu ya chumvi.

Wakashauriana juu ya vidonge. Kaka mtu alitaka dada yake anywe vizima mpaka viishe, kisha waone. Bibi alisema nusu ni bora kuliko utupu. Wakafuata nusu, maana nusu huchelewa kuisha.

*

Aliyemletea Mama Vidole habari kiwandani alikuwa Jirani, muuza mkaa, wanayegawana naye ukuta mmoja. Alikuja mbio, mikono myeusi hadi viwiko.

"Kitinda ameanguka kwa Fundi. Usiulize, twende."

Walipofika alikuwa ameshatulia, amelazwa chini ya meza ya kukatia, shati la Fundi likiwa limekunjwa chini ya kichwa chake. Damu ilikuwa imemtoka kidogo mdomoni, ikadondokea kitambaa cheupe alichokuwa akikikata, na mwenye kitambaa alikuwa palepale, mwanamke mnene anayemwoza binti yake. Alikuwa amekishika kwa ncha za vidole.

"Mimi sisemi kitu," alisema yule mwanamke, na aliendelea kutosema kitu kwa muda mrefu. Alisema kitambaa ni cha bibi harusi. Alisema damu kwenye nguo ya harusi si jambo la kuchezea. Alisema kama mtoto alikuwa mgonjwa angebaki nyumbani kwao, na kwamba yeye ni mama vilevile, anaelewa, lakini.

"Ni njaa tu, dada," alisema Fundi. "Watoto wa siku hizi hawali asubuhi."

"Ni njaa," Mama Vidole akadakia. "Nipe nikifue."

Akakifulia kwenye bomba la nyuma ya duka, amechuchumaa, mwenye mali amemsimamia kichwani akimwonyesha: hapa bado, na hapa, sugua vizuri. Vidole vilivyosifiwa wilaya nzima vikasugua damu ya mwanawe mpaka maji yakawa meupe. Alitaka kumrushia yule mwanamke kitambaa usoni. Akamkabidhi kwa mikono miwili, akamwambia amsamehe.

Baadaye Fundi alimwita pembeni. Alikuwa mtu mzuri, jambo lililofanya yote yawe magumu zaidi.

"Shemeji, simfukuzi. Nimewaambia ni njaa, wameamini. Lakini njaa haiwezi kumwangusha mara ya pili, unanielewa? Na mashine ina sindano, na pasi ina moto. Apate dawa yake kamili kwanza. Akiwa sawa kama zamani, mahali pake papo."

"Mpaka lini utamngoja?"

Fundi akaitazama ile cherehani ya karibu na mlango. "Msimu wa harusi haungoji, shemeji. Nawe unajua."

Alimfungia Kitinda mkasi wake na futi kamba kwenye gazeti. Njiani binti aliuliza kama amemng'ata mtu. Akaambiwa hapana. Akauliza kama nguo yake ilipanda juu watu wakamwona. Jirani akamwambia yeye mwenyewe ndiye aliyeishika nguo, asiwe na wasiwasi. Kitinda akatembea katikati yao ameufumbata mkasi.

*

Mama Vidole alikwenda hospitali ya wilaya ya pili, ile iliyopata watu wengi kwenye sensa na kupandishwa hadhi. Alivaa nguo yake ya kutokea. Karani wa mapokezi, kijana mwenye kalamu sikioni, alimuuliza anatoka wapi. Akamwambia.

"Huo ni mgao wa kwenu, mama. Huku tuna mgao wetu."

"Kwetu hakuna, baba."

"Kwa sababu mmehama. Watu wakihama, na dawa inahama."

"Hatujahama. Nimetoka nyumbani leo asubuhi."

"Ripoti ndiyo inasema hivyo, mama. Mimi nifanyeje?" Hakusema kwa ubaya. Akamnunulia hata chupa ya maji, kwa vile alimwona anatokwa jasho. Mama Vidole akayanywa, akarudi mikono mitupu.

Wakati huo wilaya yao ilikuwa inanyofolewa kipande kipande. Benki iliyokuwa ikifunguliwa siku za soko ikafunga kabisa. Kiwandani ilibandikwa karatasi kuwa mwekezaji amesikitika, nguvukazi ya wilaya haitoshi, mashine zitapelekwa penye watu. Baba Mizani alilisoma tangazo hilo huku amezungukwa na umati uliokuwa ukigombania kulisoma. Mizani yake kubwa, aliyoipangusa kila asubuhi kama farasi, ikaandikwa namba kwa chaki, tayari kupakiwa.

"Umati wote ule," alimsimulia mkewe, "halafu tunaambiwa hatupo. Nilicheka mpaka nikaona aibu."

Kitinda alianguka tena, nyumbani, kisha tena. Akawa anakaa mkekani, mbali na jiko, anamshonea Bibi viraka kwa mkono. Kila baada ya kuanguka alisahau vitu vidogo. Siku moja alisahau namna ya kuingiza uzi kwenye sindano, akamwomba mama yake amwonyeshe, na mama akamwonyesha, akaenda kulia chooni.

Hapo ndipo ilipokuja habari ya mkutano. Mkubwa wa takwimu anakuja mwenyewe kusoma ripoti ya wilaya na kusikiliza wananchi. Mama Vidole aliposikia neno kusikiliza, lilimwingia na halikutoka.

*

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la kiwanda, tupu sasa, manyoya ya pamba bado yamenasa kwenye kenchi za paa. Bwana Takwimu, ndivyo walivyombatiza kabla hajafika mezani, alikuwa na shati lililopigwa pasi vikali, na nyuma yake askari mmoja mwenye kitabu kwapani. Ghala lilijaa hadi nje, wengine wakachungulia madirishani.

Akasoma. Wilaya hii, alisema, ilianzishwa kwa ajili ya zao la pamba. Watu wake asilia ni wakulima wadogo na vibarua. Historia yake ni historia ya kazi. Wakatazamana, wakajisikia vizuri kidogo, maana si kila siku mtu anasomewa habari zake na mtu mwenye shati kama lile. Kisha akasema kuwa kwa kuporomoka kwa bei ya pamba wakazi wengi wamehamia kwingine, na kwamba wastani wa watu katika kaya umeshuka kwa namna ambayo wataalamu hawakuitarajia.

"Wamehamia wapi?" mtu akauliza.

"Ripoti haionyeshi, mzee wangu. Inaonyesha tu kuwa hawapo."

Mama Vidole alikuwa amesimama bila kujijua. Mumewe alimvuta nguo, akauondoa mkono wake.

"Mheshimiwa, wapo," alisema. "Wapo humu. Mimi karani alikuja kwangu nikamtajia wanne, na tuko watano. Nina binti. Nilimwacha. Nilimwacha kwa sababu ana kifafa. Anakunywa dawa, na dawa imekwisha, anaanguka. Tafadhali mwandike. Mwandike sasa hivi, nakuomba, hata pembeni."

Kitinda alikuwa nyuma, ukutani, amekaa kati ya Bibi na Kaka mtu. Mama yake hakuthubutu kugeuka. Miezi yote ile alikuwa akifikiri jinsi ya kumwambia, na sasa amemwambia mbele ya wilaya nzima, kwa mgongo.

Kisha mfua vyuma akasimama. "Na mimi niliacha mapacha."

"Mimi mama yangu," akasema mwingine. "Yuko kitandani, nikaona hasumbui mtu."

"Mimi nilijiacha mwenyewe!" alipaza sauti mzee wa kisukari, na watu wakaangua kicheko, na katika kicheko hicho wakaanza kusimama hapa na pale, hawangojani, wanawataja waliowaacha, mashangazi, wajukuu, wake wa pili, vitoto vichanga. Majina yalipishana juu ya vichwa. Wengine walilia, wengine waliwaonyesha kwa vidole, huyu hapa, simama wakuone. Mama Vidole alitazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya dirishani pumzi ilimshuka vizuri. Watu walikuwa wengi. Mtu yeyote mwenye macho angeona.

Bwana Takwimu aliwaacha wamalize. Hakuwa mtu mkali. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nimewasikia. Ila hesabu ilishafungwa, na ikifungwa haifunguliwi mpaka sensa nyingine, miaka kumi ijayo. Hilo siwezi, hata ningetaka." Akamtupia askari jicho. "Lakini mmeniweka pabaya, ndugu zangu. Kumdanganya karani wa sensa ni kosa la jinai. Kuna faini na kuna kifungo. Nikisikia kosa mbele ya askari nikanyamaza, nami nina kosa. Kwa hiyo waliotoa maelezo watabaki nyuma, afande awaandike."

Askari akafungua kitabu, akajaribu kalamu kwenye kiganja.

Mfua vyuma alikuwa wa kwanza. Alisema mapacha wake walizaliwa baada ya sensa, alichanganya tarehe. Mwenye mama kitandani akasema mama anakaa kwa kaka yake. Mzee wa kisukari akasema alikuwa anatania, kila mtu anamjua kwa utani. Walioonyeshwa kwa vidole wakaketi wenyewe, kimyakimya, kama watoto waliogundua wamesimama darasa lisilo lao. Haukupita muda ghala likawa na watu walewale na hakuna aliyeachwa.

Mama Vidole akabaki amesimama peke yake.

"Mama," alisema Bwana Takwimu, na kweli alionekana anamhurumia, "wewe ulisema una binti hukumtaja. Ndivyo?"

Akafungua mdomo. Aliwaza jela, akamwona Bibi, akaona mizani yenye namba ya chaki, nyumba isiyo na mshahara hata mmoja na mgonjwa mkekani. Aliwaza pia kwamba akisema ndiyo, atafungwa na dawa isije, na akisema hapana atakuwa amemtoa mwanawe mara mbili, safari hii mwenyewe anasikia.

"Shikamoo," sauti ikasema nyuma yake.

Kitinda alikuwa amekuja mpaka mbele, amejifunga kitambaa kichwani vizuri, kama aendaye kazini.

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa mama huyu?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ni mtoto wa jirani. Huyu mama ananipenda tu, tangu mdogo nashinda kwake, ndiyo maana anachanganya."

Bwana Takwimu alimtazama binti, akamtazama mama. Walifanana kama shilingi kwa ya pili, mpaka namna ya kukunja nyusi. Hakuna mtu ghalani ambaye hakujua, na hakuna aliyekohoa.

"Na hayo maradhi?"

"Mimi siumwi. Ni mzima kabisa."

"Kweli, baba?" Bwana Takwimu akamgeukia Baba Mizani, aliyeketi kando ya mkewe.

Baba Mizani alisimama, kofia mkononi. "Kweli, mheshimiwa. Mke wangu amechoka. Kiwanda kufungwa kumemvuruga akili."

"Basi, mama, ili afande asiandike kitu, uniambie mwenyewe. Kwako mko wangapi?"

Mama Vidole alimtazama Kitinda. Binti hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimuuma kuliko hasira. Alikuwa akimtazama kama alivyomtazama siku ya uzi na sindano, anangoja tu aonyeshwe.

"Wanne," akasema.

Askari akafunga kitabu. Bwana Takwimu akarudi kwenye ripoti yake pale alipoishia, akaingia kwenye sura ya uchumi. Bibi alikuwa amejikunja ukutani, amejifunika uso kwa ncha ya nguo, na kando yake nafasi ya Kitinda ilikuwa wazi. Lakini Kitinda hakwenda kukaa pale. Alipita katikati ya magoti ya watu mpaka upande wa pili, alipokuwa Jirani na mikono yake myeusi, naye Jirani akasogea kumpa nafasi, wakakaa pamoja mpaka mkutano ulipokwisha.